Kutafuta spea sahihi za injini ya Land Rover ya zamani ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Jozi tatu za meni beringi, zile zinazobeba kranki ndani ya bloku, zilikuwa mezani, ndani ya boksi lililosafiri usiku kucha kwa basi kutoka Dar es Salaam. Mkerezaji alifuta oili kwenye kranki yangu, akaigeuza mara moja, akaniuliza: "Kaka, mbona hii ina jonali tano?" Alimaanisha sehemu za kranki zinazokaa kwenye meni beringi; kila moja inataka jozi yake.

Kadi ya gari inasema Land Rover Series III, 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ya 1974, dizeli. Nilipoagiza nilitaja hayo hayo, na muuza spea akanitumia kile nilichoomba. Hakukosea hata kidogo. Niliyekosea ni mimi, kwa sababu injini iliyokuwa ndani siyo iliyotoka nayo kiwandani. Miaka mingi kabla sijalinunua gari, mtu aliibadilisha akaweka ya baadaye, yenye meni beringi tano. Nilipoteza wiki tatu, nauli ya kifurushi kwenda na kurudi, na imani ya mkerezaji ambaye alikuwa amenipangia foleni.

Nayaandika haya kwa wenye Series II, IIA na III, maana ndizo ninazozifahamu na ndizo bado zinaonekana kwenye mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, kwenye misheni, na nyuma ya nyumba za wazee zikiwa zimeota majani. Ukiwa na Land Cruiser au Peugeot ya zamani, utaratibu ni ule ule, namba ndizo zitakazotofautiana.

Hatua ya kwanza: isome injini yenyewe

Kadi ya gari iweke pembeni kwanza. Chukua brashi ya waya, mafuta ya taa na tochi, ufungue boneti. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, upande wa kushoto ukiwa umekaa kama dereva, kwa mbele, karibu na manifoldi ya ekzosi. Kwenye magari ya huku sehemu hiyo huwa imefunikwa na oili iliyogandamana na vumbi kwa miaka, kwa hiyo usikate tamaa ukiona pamelala tope. Sugua taratibu, futa, pakaa chaki nyeupe halafu uifute juu juu. Chaki itabaki ndani ya tarakimu na namba itasomeka. Piga picha kabla hujafanya kingine chochote.

Sasa angalia mwanzo wa namba hiyo. Ikianza na 10J, una dizeli ya lita 2.25 yenye meni beringi tano. 11H ni petroli ya lita 2.25, nayo ina tano. Injini hizi za beringi tano zilianza 1980. Zilizotangulia, tangu Series II ya 1958, zilikuwa na meni beringi tatu, na namba zake huanza na tarakimu tupu bila J wala H. Ukikuta 12J, hiyo ni dizeli ya lita 2.5; 19J ni hiyo ya 2.5 yenye tabo. 17H ni petroli ya 2.5. Hizi tatu zilitengenezwa kwa ajili ya magari yaliyokuja baada ya Series III, lakini zinaingia kwenye boneti ya Series bila shida kubwa, ndiyo maana utazikuta huko.

Tofauti hii si ya karatasini. Injini ya 2.25, iwe petroli au dizeli, ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, na taimingi yake inazungushwa na cheni. Dizeli ya 2.5 ina 2,495 na inatumia mkanda. Kranki ya beringi tatu haiingii kwenye bloku ya beringi tano. Bloku ya petroli na ya dizeli zinafanana ukizitazama kwa mbali, lakini ni vitu viwili, na silinda hedi zake ndiyo kabisa hazihusiani. Mtu akikuambia "spea za Land Rover zote zinaingiliana", mwulize ana maana ya injini ipi.

Namba ikitofautiana na ile ya kwenye kadi, lishughulikie suala hilo TRA mapema, kabla hujamwaga pesa kwenye ukarabati. Ukilichelewesha litakukuta siku ya kuuza, na hapo mnunuzi atakuwa amesimama anakutazama.

Hatua ya pili: shusha, fungua, pima, ndipo uagize

Hapa ndipo watu wengi wanaharakisha. Gari linavuta moshi, fundi anasema ringi zimekwisha, mwenye gari anapiga simu Dar kuagiza ringi. Ringi za saizi gani? Injini yenye miaka 50 imeshafunguliwa mara kadhaa. Kila ilipofunguliwa, kuna aliyechonga.

Geuza kila beringi uliyoitoa uangalie mgongo wake. Utakuta STD, au 010, au 020, au 030. Hizo ni sehemu za elfu za inchi zilizopunguzwa kwenye kranki, ndizo mafundi wetu wanazoziita kumi, ishirini, thelathini. Meni jonali ya kranki ambayo haijaguswa ina inchi 2.5, yaani milimita 63.5. Ikichongwa kumi inabaki karibu 63.25, ishirini karibu 62.99. Pistoni nazo ovasaizi yake, yaani kiasi ilichoongezwa unene, hugongwa juu ya kichwa. Safisha masizi utaiona. Silinda ambayo haijachongwa ni milimita 90.47, na pistoni za kuongeza hupatikana hadi 040, yaani zaidi ya milimita moja juu ya hapo.

Soma zote, usisome moja. Nimewahi kuona injini iliyotoka kwenye lori la shamba ikiwa na pistoni tatu za 020 na moja ya 030. Ilitembea hivyo miaka. Ukiagiza seti kwa kusoma pistoni ya kwanza peke yake, umeumia.

Venia inatosha kukuambia kama kranki ni kumi au ishirini, kwa sababu tofauti yake ni robo ya milimita. Haitoshi kukuambia kama jonali imekuwa ya yai. Hilo ni la maikromita, na maikromita iko kwa mkerezaji. Mlipe akupimie jonali zote na silinda zote nne, kila silinda juu, katikati na chini, pande mbili zinazokatana. Mwombe aandike kwenye karatasi. Mkerezaji mzuri haoni vibaya kuombwa karatasi.

Halafu shika utaratibu huu, nao usiuvunje hata ukiambiwa foleni ni ndefu: pistoni kwanza, kuchonga baadaye. Akishakuambia bloku inahitaji kwenda 040, usimruhusu aichonge siku hiyo. Tafuta pistoni za 040, zishike mkononi, mpelekee, azipime hizo pistoni, ndipo achonge kila silinda kufuata pistoni yake. Ukichonga kwanza halafu 040 zisipatikane, una bloku iliyotobolewa na hakuna cha kuweka ndani. Itabidi uweke slivu, yaani bomba la chuma la kurudishia silinda saizi yake, na hiyo ni gharama nyingine kabisa.

Kitu cha zamani usikitupe. Beringi iliyochakaa, gasketi iliyoungua, sili iliyokauka, plagi, hata boliti iliyokatika: vyote viweke kwenye ndoo yenye mfuniko, kila kimoja kikiwa na kikaratasi. Kipande cha zamani kinaongea na muuza duka kuliko maelezo yako.

Hatua ya tatu: tafuta namba ya spea

Kila kitu kwenye injini hii kina namba katika kitabu cha spea cha kiwanda. Namba za zamani ni tarakimu tupu, nyingi zikiwa sita. Baadaye zikaja za herufi mbele: ERC, ETC, RTC, STC. Spea moja inaweza kuwa na namba mbili au tatu kwa sababu kiwanda kilibadilisha namba bila kubadilisha kitu, au kilibadilisha kitu kidogo kikatoa namba mpya. Kwa hiyo ukitaja namba ya 1968 dukani ukaambiwa haipo, uliza imerithiwa na namba gani.

Vitabu viwili vya kuwa navyo ni kitabu cha spea na kitabu cha fundi cha kiwanda, vya aina yako ya gari. Nakala zake zinapatikana kwenye intaneti na mafundi wa Land Rover wengi wanazo kwenye simu. Andika orodha yako kwenye daftari: jina la spea kwa Kiswahili cha gereji, namba ya zamani, namba mpya, saizi, idadi. Majina ya gereji peke yake yatakuponza, maana "pampu" ya mtu wa Uyole huenda ni ya maji na ya mtu wa Ilala ikawa ya dizeli.

Wa Toyota wana nafuu hapa. Tarakimu tano za mwanzo zinakuambia kitu chenyewe: 13101 ni pistoni, 13011 ni ringi, 16100 ni pampu ya maji. Tano za mwisho ndizo zinazotofautisha injini na injini. Ukiliona boksi linaanza na 13011 na wewe umeomba pistoni, hata kufungua hakuna haja.

Hatua ya nne: jua "orijino" ina maana gani

Kiwanda cha Land Rover hakikutengeneza kila kitu chenyewe. Umeme ulikuwa wa Lucas. Pampu na nozeli za dizeli zilikuwa za CAV. Kabureta ilikuwa Solex, baadaye Zenith. Beringi, pistoni na gasketi zilitoka kwa watengenezaji wa Uingereza kama Vandervell, Glacier, Hepolite na Payen. Kwa hiyo kitu kilichomo kwenye boksi la mtengenezaji kama hao kinaweza kuwa sawasawa na kile cha kwenye boksi la Land Rover, kwa bei ndogo.

Lakini tazama vizuri: jina la zamani kwenye boksi jipya halina maana kwamba ni kiwanda kile kile. Majina haya yameuzwa na kukodishwa. Boksi mkononi halikuambii kitu, kitu chenyewe ndicho kinachokuambia. Mfano ni rota ya distribyuta. Zile mbovu zina kipande cha shaba kilichofungwa kwa riveti iliyopita katikati ya plastiki. Baada ya muda moto wa koili unapita kwenye riveti, unarukia kwenye shafti, na gari linazima ghafla katikati ya mlima likiwa na petroli na betri nzima. Nzuri haina riveti hiyo. Igeuze rota juu chini, dukani, kabla hujatoa pesa. Pointi na kondensa vivyo hivyo: ukipata za zamani za Lucas ambazo hazijatumika, chukua mbili mbili.

Pampu ya dizeli ya CAV usikimbilie kuibadilisha. Ina kibao cha chuma ubavuni chenye namba zake. Kipige picha, mpelekee fundi wa pampu, aifanyie sili na kuipima. Pampu yako ya asili iliyotengenezwa vizuri inashinda nyingine usiyoijua ilikotoka.

Kuna mahali ambapo uasili unakudhuru, na ni lazima niseme. Kwanza, mpira. Sili ya oili iliyokaa kwenye boksi tangu miaka ya 1970 ni ya asili kabisa, na imeshakufa. Ibonyeze ukingo kwa kucha. Ikikataa kurudi, iache. Sili, hozi na diaframu nunua mpya. Pili, viti vya valvu za ekzosi kwenye injini za petroli. Injini hizi zilibuniwa wakati petroli ina madini ya risasi, na risasi ndiyo iliyokuwa inavilinda viti hivyo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliondoa petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006. Hedi yako ikiwa kwa mkerezaji, aweke viti vigumu vya ekzosi. Nje haionekani, na gari litapanda Kitonga na mzigo bila valvu kuzama.

Hatua ya tano: pa kutafuta, na kwa mpangilio gani

Anza karibu. Mwanjelwa kuna wauza spea na wauza skrepa ambao hawana stoku kubwa ya Land Rover, lakini wanajua nani ana nini. Waachie picha na namba, rudi baada ya wiki.

Baada ya hapo nenda kwenye mashamba na misheni. Watu wanapuuza chanzo hiki, na kwangu ndicho bora kuliko vyote. Mashamba ya chai na misheni zilikuwa na gereji zake na stoo zake, na spea zilinunuliwa kwa seti wakati magari hayo yalipokuwa mapya. Usiende ukiwa umeshika pesa mkononi na haraka usoni. Nilipokwenda upande wa Mufindi nilimkuta mzee aliyekuwa mtunza stoo. Nikamsalimu "Kamwene," tukaongea habari za mvua na barabara karibu nusu saa kabla sijataja Land Rover. Nilipomwonyesha tapeti yangu iliyoliwa aliitazama, akaiweka chini.

"Hii ya dizeli?"

"Ndiyo, baba. Ten J."

"Basi zile nilizonazo siyo zako," akasema. "Lakini gasketi ya hedi ninayo. Njoo uone."

Ilikuwa imening'inizwa ukutani kwa msumari, bado ndani ya karatasi yake ya nta, haijakunjwa hata kona. Kitu kilichotunzwa namna hiyo ukikishika unajua. Nilimlipa alichosema bila kupunguza.

Minada ya magari chakavu ya serikali na ya taasisi ifuatilie pia. Injini nzima mbovu huwa bei rahisi kuliko kranki peke yake, na inakupa manifoldi, kava, mabano na boliti ambazo hazipo dukani. Tunduma ni karibu kilometa 100 kutoka Mbeya na upande wa Zambia Land Rover za usukani wa kulia zipo nyingi. Ukinunua huko, pita forodhani na risiti.

Dar, yaani Kariakoo, Gerezani na Ilala, ndiyo baada ya hapo. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilometa 800, kwa hiyo omba picha kabla ya kutuma pesa: mgongo wa beringi, kichwa cha pistoni, namba kwenye boksi, na rula ikiwa pembeni. Anayekataa kupiga picha, mwache.

Uingereza iwe ya mwisho, kwa vitu vyepesi na vya thamani: beringi, ringi, seti ya gasketi, vitu vya kabureta. Spea za Series bado zinatengenezwa huko. Uliza ushuru wa forodha kabla ya kulipa. Hedi au kranki, kwa uzito wake, tafuta huku huku.

Hatua ya sita: kagua ukiwa kaunta, usingoje kufika gereji

Gasketi ya hedi ilaze juu ya hedi au juu ya gasketi ya zamani, tazama kila tundu la maji na la oili. Ringi iingize kwenye silinda iliyokwisha kuchongwa, isukume kwa pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya kati ya ncha zake mbili kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia): kwa petroli ya 2.25 unataka kati ya milimita 0.38 na 0.50. Ringi zisizoacha mwanya zitakwama injini ikipata moto.

Boliti zina mtego wake. Injini hizi ni za inchi. Boliti ya 5/16 ina unene wa milimita 7.94, na ya milimita nane inaonekana ndiyo hiyo hiyo. Inaingia nyuzi mbili au tatu kwa mkono, halafu inagoma. Fundi anachukua spana ndefu, inaingia kwa nguvu, na nyuzi za bloku zimekwenda. Ya 5/16 nyembamba ina nyuzi 24 kwa inchi, ya milimita nane ina kama 20. Chukua boliti yako ya zamani, ilaze ubavu kwa ubavu na mpya, nyuzi ziingiliane. Zikiacha mwanga katikati, rudisha.

Kuhusu kabureta, neno moja kabla hujanunua nyingine. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko ya Dar, kwa hiyo injini ya petroli isiyo na tabo haitakuwa na nguvu ile ile, hata ikiwa mpya. Zenith ikisumbua, mara nyingi uso wake wa kukutania umepinda kwa kukazwa sana. Weka msasa laini juu ya kioo, usugue uso huo taratibu hadi ukae sawa, badilisha gasketi na ringi yake ya mpira. Ya kwangu ya gari la pili imekaa hivyo hadi leo.

Injini ikishafungwa, chukua kibati cha alumini, ugonge namba ya injini, saizi ya meni, saizi ya konrodi, saizi ya pistoni, na mwaka. Kifunge kwa waya chini ya boliti moja ya kava ya tapeti. Cha kwangu kimeandikwa: 10J, meni 020, konrodi 020, pistoni 040.